Mdogo wangu akojoa damu mwishoni, antibiotiki hazisaidii. Tupime nini?

mwana_wa_malindi: Assalam aleikum wakubwa. Mdogo wangu ana miaka 12, kilo 30. Wiki ya tatu sasa mkojo hutoka safi, kisha matone ya mwisho ni damu, na yamchoma. Homa hana. Ameandikiwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) mara mbili, dawa kamaliza, hali ni ile ile. Likizo huoga bwawani ng'ambo ya mto Sabaki. Je, ni figo?

darubini: Waaleikum salaam. Damu ya mwisho wa mkojo hutoka kibofuni. Mkojo wote ukiwa kama chai ya rangi, ndipo figo yenyewe hushukiwa. Kwa mtoto anayeoga bwawani, mimi naanza na kichocho, ugonjwa wa minyoo inayotaga mayai kibofuni.

Sampuli ndiyo hukosewa. Kwa UTI hutakiwa mkojo wa katikati, ufike maabara ndani ya saa mbili. Kichocho ni kinyume: mayai hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, tena katika matone ya mwisho. Aruke kamba kidogo, kisha akojoe wote chupani, asibakishe tone. Maabara wachuje mililita 10 na kutazama kwa darubini. Wasipoona kitu, arudie siku nyingine mbili. Mkanda wa kuchovya waweza kuonyesha damu, protini na hata chembe nyeupe, na hapo ndipo mtu huandikiwa UTI. Antibiotiki haziui minyoo hii.

bi_dawa: Mwanangu, ikithibitika, dawa ni praziquantel, miligramu 40 kwa kila kilo. Kilo 30 ni miligramu 1,200, yaani vidonge viwili vya 600, akishaandikiwa na daktari. Ale kwanza, ameze bila kutafuna, maana ni chungu mno. Kuumwa na tumbo siku hiyo si ajabu. Dawa huua minyoo mikubwa, michanga husalia, kwa hiyo apimwe tena baada ya wiki 6 hadi 8.

maji_na_figo: Musiridhike na kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, peke yake. Mayai hutia makovu mwisho wa mrija unaoshuka kibofuni, mkojo ukarudi nyuma, figo ikavimba kimya. Ile ya pili hubeba kazi yote, na kreatinini ikasoma sawa. Ombeni ultrasaundi ya figo na kibofu, kibofu kikiwa kimejaa.

Homa ya kutetemeka, maumivu ya ubavuni chini ya mbavu, kutapika, au mkojo kukatika: hospitali usiku huo huo, musingoje. Na diclofenac, dawa ya maumivu ya dukani, musimpe. Hupunguza damu iendayo kwenye figo, na joto hili la kaskazi akiwa hajanywa maji, madhara huzidi.

mwana_wa_malindi: Ahsanteni sana. Na baharini je, azuiwe?

bi_dawa: La, aogelee. Konokono wanaobeba kichocho ni wa maji matamu yaliyotuama, chumvi ya bahari hawaiwezi. Bwawani ndiko asiingie, wala asikojoe humo, maana mayai yakigusa maji hayo huangua, vijidudu vikaingia kwa konokono, na wenzake wakaambukizwa.