Kwa nini riwaya nyepesi za kuvukia ulimwengu mwingine, zenye mapenzi ya jinsia moja, hutuvuta hivi?

MsomajiWaAlasiri:
Ndugu wasomaji, nimemaliza kwa mara ya tatu In Other Lands, riwaya ya mwandishi wa Ireland, Sarah Rees Brennan, iliyotoka mwaka 2017. Elliot, mvulana wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 13, anavuka ukuta ambao wengi hawauoni, anaingia nchi yenye nguva na watu wa msituni waitwao elfi, na kwa miaka kadhaa anabishana na kila amkutaye. Kwanza anampenda Serene, msichana shujaa wa elfi; mwishowe moyo wake unatua kwa Luke, mvulana ambaye hawakupatana tangu siku ya kwanza. Riwaya nyingi nzito za mapenzi ya jinsia moja nimezisoma na kuziheshimu, lakini hii ndiyo ninayoirudia. Je, kinachonivuta ni ucheshi peke yake?

BintiWaPwani:
Kwa maoni yangu, ni ule ukuta. Miongoni mwa elfi, wanawake ndio waendao vitani, na mwanamume huhesabiwa kuwa kiumbe dhaifu wa kutunzwa nyumbani. Serene anapomhurumia Elliot kwa sababu tu ni mwanamume, tunacheka, na katikati ya kicheko tunatambua kwamba desturi tulizozidhani za maumbile zilitungwa na watu. Msomaji aliyekwisha kulikubali hilo hahitaji kuhutubiwa ili aelewe mvulana kumpenda mvulana. Sisi tumelelewa na kiitikio cha “uwongo njoo, utamu kolea”, kwa hiyo tunajua kwamba aliyekubali kuingia hadithini huacha mlangoni mengi aliyokuja nayo.

KalamuNaKaratasi:
Dada, hoja yako naipokea, ila naona umeupita upesi uchungu uliomo. Elliot aliachwa na mama yake, na baba yake ni mlevi asiyemjali. Anavuka ukuta kwa kuwa nyumbani hakuna atakayemkosa. Kule anakuta kambi inayowafunza watoto vita, naye, akiwa mchukia vita, anachagua mafunzo ya washauri, wale wanaoshughulika na mikataba. Maneno yake makali ni ngao ya mtoto asiyeamini kwamba anaweza kupendwa, na ndiyo maana inachukua kurasa nyingi mno kabla hajaona kwamba Luke anampenda.

Jambo lingine ni kurudi. Alice wa riwaya ya Lewis Carroll ya mwaka 1865, msichana aliyeingia nchi ya ajabu, tuliyemjua kwa Kiswahili tangu 1940 kama Elisi, anazinduka usingizini na safari inaishia hapo. Hadithi nyingi za aina hii humrudisha mtoto kwao, kana kwamba ulimwengu wa pili ulikuwa wa kumfunza tu. Elliot anachagua kubaki, na kwa msomaji ambaye mapenzi yake hayana nafasi nyumbani kwao, kuona mtu akibaki mahali anapopendwa, tena bila kuadhibiwa kwa kifo katika sura ya mwisho, ni faraja kubwa kuliko mzaha wowote.

MsomajiWaAlasiri:
Nawashukuru nyote wawili. Zile likizo anazorudi kwa baba yake nilizisoma haraka mara zote tatu, nikitamani avuke tena. Safari hii nitaanzia hapo.