Farman Goliath: kwa nini abiria walikaa mbele ya rubani?

Ngalawa77:
Wakuu salamu. Nimekutana na picha ya Farman F.60 Goliath, ile ndege ya abiria ya Wafaransa ya 1919, mabawa mawili moja juu moja chini, injini mbili zimekalia bawa la chini, na kuna kitu kimenishinda kabisa. Puani kuna madirisha na ndani mna abiria, rubani yuko nyuma yao, tena kichwa kiko nje kinapigwa na upepo. Nani aliamua hivyo? Mi nimezoea rubani ndo anatangulia. Mwenye kuijua anieleze, hata kwa urefu sawa tu.

FundiBawa:
Mkuu jibu liko vitani. Akina Farman mwaka 1918 hawakuwa wanaunda ndege ya abiria, walikuwa wanaunda ndege ya mabomu, na ndege ya mabomu enzi hizo puani anakaa mlenga mabomu mwenye bunduki yake maana lazima aone mbele na chini bila kuzuiwa na kitu. Novemba Vita ya Kwanza ya Dunia ikaisha ndege zikiwa bado karakana na jeshi halina tena shida nazo. Basi wakatoa vitu vya vita wakabaki na bodi pana ya mbao na kitambaa, na uzuri wake ndani haikuwa na waya za kukatiza huku na huku kama ndege nyingi za wakati ule, kwahiyo ukiweka viti inakuwa chumba, mtu mzima anasimama. Wanane nyuma, wanne puani alipokuwa mlenga mabomu, rubani na fundi wake kati hapo palipoinuka, wazi, mvua yao jua lao.

Injini zilikuwa Salmson, kila moja nguvu farasi 260, bawa toka ncha hadi ncha mita 26 na nusu. Spidi kama kilomita 120 kwa saa, yaani basi la mkoani likikuta barabara nzuri linakimbizana nayo, ila Paris hadi London inavuka bahari na hushuki kwenda kupanda meli, hiyo ndo faida watu walikuwa wanalipia.

MzeeWaRamani:
Naongezea. Safari yake maarufu ni ya tarehe 8 Februari 1919, rubani Lucien Bossoutrot, toka Toussus-le-Noble nje ya Paris mpaka Kenley karibu na London. Wengi wanaiandika kama safari ya kwanza ya abiria kati ya miji hiyo lakini tuwe makini hapo, usafiri wa anga wa kiraia ulikuwa bado haujaruhusiwa ndo maana waliopanda walikuwa wanajeshi, hakuna aliyekata tiketi. Huduma za kawaida za Goliath kati ya Le Bourget (kiwanja cha Paris) na Croydon (kiwanja cha London) zilikuja 1920. Na Agosti 1919 huyohuyo Bossoutrot aliipeleka mpaka Morocco akaunganisha kwenda Dakar, propela ikavunjika wakashukia pwani ya Mauritania, wote wakaokolewa. Ndege ya miezi saba tu toka iruke mara ya kwanza! Mi hiyo safari ndo inanifanya niiheshimu kuliko zote.

BintiPangani:
Jamani na ajali ya 7 Aprili 1922 tusiiruke. Goliath imetoka Paris, ndege ya Waingereza aina ya DH.18 imetoka Croydon na barua, ukungu umetanda, marubani wote wanaruka chini wanafuata barabara ileile kwa macho maana ndo ilikuwa ramani yao, wakagongana huko Picardie, kaskazini mwa Ufaransa. Watu 7, hakupona hata mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza ndege mbili za abiria kugongana angani. Baada ya hapo ndo wakakaa wakakubaliana kila ndege ishike upande wake wa kulia na zibebe redio. Nikiwaza wale wanaokaaga puani kwenye kioo naumia sana, wao ndo wanaona kila kitu kwanza.

Ngalawa77:
Asanteni sana, kumbe kile kiti cha mbele kilikuwa cha mlenga mabomu, sasa picha naiangalia kwa jicho lingine. Ziliundwa nyingi? Na kuna yoyote imebaki?

FundiBawa:
Za abiria kama 60 hivi, Wabelgiji walizitumia na Wacheki pia, na toleo la mabomu nalo likarudi jeshini baadae. Nzima hakuna ninayoijua, ila bodi ya moja ipo makumbusho ya ndege Le Bourget, kiwanja kilekile zilipokuwa zinapakia abiria wa London. Haina mabawa. Ukijaliwa kufika anza na pua, simama pale madirishani ndo utaelewa walikuwa wanaona nini.