Mliotoka Unguja na Pemba kwenda kufanya kazi za taaluma nje: tupeane uzoefu

Mtoa mada
Assalaam alaykum. Mie ni wa maabara, mwaka wa sita kazini hapa Mjini, na nataka kutoka. Sitaki habari za "nina mjomba anamjua ajenti". Nawataka walioondoka kwa vyeti vyao: kipi kilikukwamisha, na ulipofika ulikuta nini?

Bint Konde
Waalaykum salaam. Mie muuguzi, niko Uingereza mwaka wa tatu. Kilichonikwamisha si mtihani, ni herufi moja. Kwenye cheti cha kuzaliwa baba yangu ni Khamis, kwenye cha kidato cha nne ni Hamis. Kwetu huyo ni mtu mmoja, kwa baraza lao la wauguzi ni watu wawili. Nikala kiapo kwa wakili, nikarudi skuli, nikapanda boti Mkoani hadi Unguja, Unguja hadi Dar, mara tatu. Miezi minne imekwenda hivyo. Tengeneza majina kabla hujalipa hata shilingi.

Kiingereza wanakipima kwa mtihani wa IELTS, wanataka alama 7 kusoma, kusikiliza na kuzungumza, kuandika 6.5. Mie kuandika ndiko kulikoniangusha mara ya kwanza. Kisha kuna mtihani wa kompyuta, huo unaumaliza kabla ya kuondoka, na wa vitendo, vituo kumi, unaufanyia kulekule. Mpaka uupasi unavaa sare ya msaidizi. Mie niliyekuwa nashika wodi usiku peke yangu, kisichana kimoja kikaniuliza kama najua kupima presha. Nikamwambia najua kidogo.

Na ajenti akikujia na nafasi za uuguzi Uingereza, mwambie Tanzania imo katika orodha ya nchi ambazo wenyewe wamejikataza kuja kuchota wahudumu wa afya. Kuomba mwenyewe, ruhusa. Yeye kuja kunadi, hapana. Utamuona anavyokohoa.

Jengine dogo: wanashika jina la mwisho. Babu yangu kazikwa Konde, hata sikumdiriki, lakini rosta ya wodi inampangia zamu za usiku.

Pweza wa Nungwi
Babu kapata kazi Ulaya, hongera zake 😂

Mswahili Muscat
Oman msiione jirani. Kweli Kiswahili utakisikia, dereva wangu wa kwanza wa teksi alinijibu kwa lafudhi ya Ng'ambo kabisa, nikajiona nimefika nyumbani. Lakini mtihani wa leseni, ule wa Prometric, ni Kiingereza, na vyeti vinahakikiwa na kampuni ya DataFlow, wanauliza moja kwa moja chuoni kwako. Chuo changu walikaa na ile barua pepe wiki tano. Ndugu yangu akaenda kukaa kwenye benchi la ofisi ya msajili siku mbili, ya pili wakajibu. Ukiondoka, acha mtu wa kukukalia benchi.

Injinia mstaafu wa baridi
Mie nilikwenda Canada kwa pointi, zile wanazokupa kwa elimu, umri na lugha, na ukaazi nikapata. Ukaazi haukupi leseni ya uinjinia, hiyo ni ya jimbo, na wakati wangu walitaka uzoefu wa kwao. Mwaka mzima nilikuwa nabeba maboksi ghalani, usiku nasoma. Kisha mama akaugua, nikarudi. Watu Michenzani wanasema nilifukuzwa. Nawaacha.

Mtoa mada
Pole kaka, na ahsanteni. Bint Konde, umenitia hofu, nimefungua bahasha yangu sasa hivi. Pasipoti ni Suleiman, cheti cha chuo ni Seleman, cha kuzaliwa kimeandikwa kwa mkono na sijui ile ni "u" au "e".

Bint Konde
Ndiyo hivyo. Anza na cha kuzaliwa, vyengine vyote vitakifuata hicho. Na ile IELTS usiikimbilie sasa, matokeo yanaishi miaka miwili tu, yatakufia mkononi ukisubiri wakili.

Mtoa mada
Jumatatu asubuhi niko kwenye foleni ya usajili wa vizazi na vifo, inshaallah. Nachukua na kiti changu.