Mguu wa binti yangu umeshanyooka, viatu vya chuma vya nini tena?

Baba Naima: Habari zenu wakuu. Binti yangu ana miezi minne, alizaliwa na mguu kifundo, yaani unyayo umepinda kwa ndani, wa kulia. Kliniki walimfunga hogo (plasta ngumu), wakawa wanalibadilisha kila wiki, wakamkata kano ya kisigino, hogo la mwisho akakaa nalo wiki tatu. Mguu sasa umenyooka. Shida ni hivi viatu vyenye chuma katikati: eti avae saa 23 kwa siku! Usiku hatulali. Mama yangu anasema mtoto kashapona, tuvitupe, yeye atamkanda na mafuta ya nazi. Halafu mguu wa kushoto ni mzima, nao unavalishwa kwa kosa gani?

Mama Idi: Bibi mpe shikamoo yangu, ila viatu asiviguse. Wangu ilikuwa miguu yote miwili, leo yuko darasa la pili na kaptula hazikai kwa mpira. Hicho kilio mara nyingi si maumivu, amezoea kurusha mguu mmoja mmoja. Shika chuma chenyewe, mkunje na kumnyoosha miguu yote pamoja kama mchezo. Akishajua, atakupiga nacho (mimi alinipasua mdomo, nikakizungushia kipande cha khanga).

Soksi ziwe za pamba, zisiwe na mikunjo. Funga mkanda kwanza, ndipo kamba. Nyuma ya kiatu kama kuna tundu, chungulia: kisigino kionekane kimeshuka. Hukioni? Fungua uanze upya, maana mguu unaochomoka ndio unaotoa malengelenge. Na usivue kwa sababu analia. Akigundua kilio kinavua viatu, umekwisha.

Fizio wa Zamu: Baba Naima, hogo linanyoosha, viatu vinazuia mguu usirudi ndani. Vikiachwa mapema, mnarudi kwenye hogo. Huo wa kushoto unavalishwa ili chuma kipate pa kujishikiza. Bila hivyo huwezi kuuweka wa kulia umegeukia nje nyuzi 60 hadi 70. Saa 23 ni kwa miezi mitatu ya mwanzo. Baada ya hapo ni usiku na usingizi wa mchana, hadi afike miaka minne au mitano. Hii ndiyo njia ya Dkt. Ponseti wa Iowa, Marekani, na imewaepusha watoto wengi na upasuaji mkubwa. Vile viatu vya ngozi vyenye tundu vilibuniwa Uganda, vinashonwa na mafundi wa kwetu huku huku. Vidole vikianza kutokeza mbele, nenda kliniki, usingoje tarehe.

Baba Naima: Nimechungulia, kisigino kilikuwa juu kabisa! Nimefunga upya, katulia kidogo. Sasa ile saa moja inayobaki, bibi anaweza kumkanda?

Mama Idi: Hiyo ni ya kuoga. Mpe bibi mgongo na mapaja akande atakavyo, ila mafuta yasifike miguuni, kiatu kitateleza.