Nyumba ya mtini: waya au bolti?

Baba Wawili: Habari za jioni wakubwa. Nataka kuwajengea watoto kijumba juu ya mjakaranda: futi 10 kwa 8, vitanda viwili, dirisha pana, paa la mabati. Fundi anataka tukifunge kwa waya kuzunguka shina, mimi naona bolti. Sijalala siku tatu.

Mkata Mbao: Waya wacha kabisa. Shina hunenepa, waya haulegei. Ukishakata gome mzunguko mzima, chakula hakishuki tena mizizini na mti unakufa polepole. Bolti moja nene inashinda misumari ishirini. Shina likipita sakafuni, acha upenyo wa vidole vinne pande zote, maana upepo ukija mti hucheza.

Shosho wa Limuru: Mjukuu wangu alianguka kwa mpera akavunja mkono, na huko juu hakukuwa na nyumba. Wanunulie vitabu.

Mzee Kobe: Hoteli ya Treetops kule Aberdare ilianza 1932 juu ya mti wa mugumo. 1952 Elizabeth wa Uingereza alilala huko, kulikucha ni malkia. Wako watashuka na cheo gani?

Mkata Mbao: Baba, mti wenyewe ukoje pale chini?

Baba Wawili: Mzima.

Mkata Mbao: Mzima vipi? Umeugonga?

Baba Wawili: Kuna uyoga kidogo mizizini, ule mgumu kama kwato. Ukigonga upande huo unalia kama debe. Lakini saa hii umechanua zambarau tupu! Na mbao za saipresi nishanunua, watoto wanajua ni Desemba.

Mkata Mbao: Ndani umeoza huo. Maua hayabebi mzigo. Simamisha nguzo nne za mkalitusi zilizotiwa dawa, mbali nao, usije ukaangukia watoto.

Baba Wawili: Nyumba ya nguzo ni ghala la mahindi, ndugu yangu.

Mtu wa Rongai: Ngojeni kwanza. Huyu si ndiye mwezi jana alikuwa analia hapa maji hayafiki ghorofa ya sita, mtaa wa Pipeline? Mjakaranda umeota kwa balkoni?

Mzee Kobe: Hahaha! Tumepigwa hadithi.

Baba Wawili: Si hadithi. Ploti ni ya mama mkwe, Dagoretti. Ako Nakuru kwa dadake mpaka tarehe 20.

Shosho wa Limuru: Na anajua?

Baba Wawili: Nataka akirudi aikute imesimama.

Mkata Mbao: Imesimama juu ya nini?

Baba Wawili: Nguzo ya futi 12 inauzwa pesa ngapi siku hizi?