Treni ya Kalemie ikikwama njiani: nimwandalie nini mama mkubwa?

Mwana wa Katuba, Lubumbashi

Ndugu zangu, nawasalimu wote. Mama yangu mkubwa, ambaye amekwisha kupita miaka sabini na anameza dawa za shinikizo la damu kila siku, ameazimia kwenda Kalemie kumwona dada yake ambaye hawajaonana kwa muda mrefu. Nauli ya ndege imetushinda, kwa hiyo tutapanda treni, na mimi ndiye nitakayemsindikiza.

Hofu yangu inatokana na yaliyompata binamu yangu msimu wa mvua uliopita. Treni yao iliondoka hapa ikiwa tayari imechelewa, ikapita Kamina bila matatizo, kisha ikasimama porini kabla ya Kabalo na kukaa siku nyingi, huku abiria wakiambiwa kila asubuhi kwamba wataondoka jioni. Watu walimaliza chakula, wakamaliza na fedha, na baadhi ya watoto wakaanza kuhara. Ningependa kuelewa ni nini hasa kinachoifanya treni isimame siku nzima nzima badala ya saa chache, maana nikijua chanzo nitaweza kuipima hatari. Tena naomba waliokwisha kukaa ndani ya treni iliyokwama wanieleze mtu wa umri ule anahitaji nini.

Mstaafu wa reli, Kamina

Mwanangu, umefanya vema kuuliza kabla ya kukata tiketi. Kazi yangu ilikuwa kutunza njia ya reli, na jibu langu linaanzia hapo: njia yetu ni moja. Treni mbili haziwezi kupishana isipokuwa kwenye stesheni yenye njia ya pembeni, kwa hiyo behewa moja la mizigo likitoka relini mahali popote, zote zilizo mbele na nyuma yake zinafungwa, hata kama zenyewe ni nzima kabisa. Kulirudisha behewa lililojaa si kazi ya saa mbili. Ni lazima mzigo upunguzwe, jeki ziingizwe chini yake juu ya vipande vya mbao, linyanyuliwe kidogo kidogo, na mara nyingi mataluma, yaani vipande vinavyolazwa chini ya reli, yakiwa yamevunjika yabadilishwe kwanza, la sivyo litaanguka tena palepale. Ikiwa kreni inahitajika, nayo inakuja kwa reli hiyohiyo, kutoka mbali.

Jambo la pili ni vichwa vya treni. Kutoka Lubumbashi hadi Kamina kuna nyaya za umeme, ambazo zilianza kuwekwa katika miaka ya 1950, na umeme ukikatika au nyaya zikiibwa, kichwa cha umeme hakisogei. Kamina ni njia panda: reli moja inakwenda Mwene-Ditu, Kananga na Ilebo, nyingine inakwenda Kabongo na Kabalo, na zote mbili zinataka vichwa vya dizeli. Kikikosekana kimoja, abiria watakisubiri hapa Kamina mpaka kipatikane. Mbele zaidi, kipande cha Kamina hadi Kabalo kilifunguliwa mwaka 1956, na kile cha Kabalo hadi Kalemie kilikamilika mwaka 1915. Kwenye tuta lililolainika kwa mvua dereva analazimika kwenda polepole, na nawasihi abiria wasimkasirikie kwa hilo, kwa sababu mwendo ule ndio unaowafikisha wakiwa hai.

Nina onyo moja ambalo naliweka mbele ya mengine yote. Mkikwama, na treni ya mizigo ikatokea, msikubali kupanda juu ya mabehewa yake, hata kama vijana wote wanapanda. Mwezi Machi 2022, karibu na Buyofwe katika eneo la Lubudi, treni ya mizigo iliyokuwa imebeba watu ilianguka, na zaidi ya watu 60 wakafa. Watu hupanda treni za namna hiyo kwa sababu hawapati njia nyingine ya kusafiri.

Mama Ndakala, Kalemie

Ninaleta ndakala, yaani dagaa, Lubumbashi kwa njia hiyo, na treni iliyosimama naijua vizuri kuliko inayotembea. Anza na maji, kwa sababu kwetu Kalemie na kule Bukama kipindupindu kinarudi mara kwa mara. Usimpe mama mkubwa maji ya stesheni yasiyochemshwa, hata kama yanaonekana safi na akina mama wanaoyauza ni wakarimu. Chukua mbabula ndogo, yaani jiko la mkaa, makala (mkaa) kidogo na sufuria yenye kifuniko. Treni ikisimama utaona wanawake wanashuka, wanawasha mbabula zao pembeni mwa reli, na mara harufu ya bukari, yaani ugali, inasikika kutoka behewa la kwanza hadi la mwisho. Nawe shuka, chemsha maji ya kutosha usiku mzima, kisha ujaze madumu. Akiharisha, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, umnyweshe taratibu bila kungoja azidiwe.

Chakula kibebe kutoka nyumbani: unga, karanga, maharagwe, mafuta. Bukama utapata samaki wa kukaushwa kwa moshi, watamu sana, lakini walio na chumvi nyingi hawafai kwa ugonjwa wake. Fahamu pia kwamba treni ikisimama siku ya kwanza bei ni ya kawaida, na kuanzia siku ya pili kijiji kizima kinajua kwamba hamna pa kwenda. Kwa hiyo beba faranga, tena noti ndogo ndogo. Dola iliyochanika pembeni hakuna atakayeipokea katika stesheni ndogo.

Dawa zake zikae katika mfuko anaouvaa mwilini, usiziweke katika sanduku lililo juu, na ziwe nyingi kuliko siku unazodhani mtasafiri. Mimi ningebeba za mwezi mzima. Vilevile mtafutie kiti cha pembeni, awe na nafasi ya kunyoosha miguu, na kila treni inaposimama mshushe atembee, kwa maana miguu ya wazee huvimba kwa kukaa. Kama mtasafiri Juni au Julai, ongeza blanketi nzito, kwa sababu usiku baridi ya nyanda za juu inapenya kila dirisha lisilofunga.

Mwana wa Katuba

Baba na Mama, asanteni sana. Kuna jirani anayenishauri tuache treni, tupite Pweto na Moba kwa lori. Mnaonaje?

Mwalimu wa Kampemba, Lubumbashi

Kwa mtu wa umri huo, nasema hapana. Mvua zikiwa zimeanza, lori nalo linakwama matopeni, na juu ya lori hakuna paa, wala choo, wala pa kulala. Kwa kuwa safari yenu haina dharura, subirini hadi mwezi Mei, ardhi ikiwa imekauka.

Mkienda stesheni kununua tiketi, msiulize treni itaondoka lini, kwa sababu tarehe mtapewa bila shida. Ulizeni treni iliyotangulia imefika wapi. Ikiwa bado iko njiani kati ya Kamina na Kabalo, yenu itakutana na kizuizi hichohicho, na afadhali msubiri nyumbani mnakolala kitandani.

Mzee wa Kamina ameeleza vizuri mambo ya reli, nami namheshimu, lakini naona kuna kitu hakukigusa. Reli kuwa mbovu ni jambo moja; abiria kuambiwa kila asubuhi maneno yasiyo ya kweli ni jambo jingine, na halihitaji fedha kulirekebisha. Mtu akijua kwamba atakaa siku tatu, atagawa unga wake kwa siku tatu. Akiambiwa jioni, ataupika wote leo. Kwa hiyo treni ikisimama, chagueni watu wachache wenye busara, mmojawapo awe mama, waende kwa mkuu wa treni mara moja kila siku, wamwombe aseme anachokijua na asichokijua, kisha wapite behewa kwa behewa kuwaeleza wengine.

Mstaafu wa reli, Kamina

Mwalimu amesema kweli, nakubaliana naye. Naongeza tu kwamba mkuu wa treni mara nyingi anangoja habari kutoka kwa wakubwa wake, na penye pori hata simu ya mkononi haipati mtandao. Lakini hilo nalo angeweza kuwaambia abiria.

Mwana wa Katuba

Nimezungumza na mama mkubwa usiku huu, naye amekubali tungoje Mei. Dawa za mwezi mzima nitaanza kuzinunua kidogo kidogo kuanzia mwisho wa mwezi. Mbabula anayo, ila amesisitiza kuchukua ile kubwa.

Mama Ndakala, Kalemie

Mwambie ndogo. Ile kubwa inakula makala mengi, na makala yakiisha porini hamtachemsha maji.