Mtoto wa miaka 8 kufungwa nyaya za meno: ni tiba au ni mbwembwe za wenye nazo?

Mama Kulwa
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Binti yangu ana miaka 8, yuko darasa la tatu. Meno ya juu ya mbele yamechomoza nje na katikati ana mwanya mpana. Kliniki moja binafsi hapa Dar wanasema afungwe nyaya sasa hivi, awamu ya kwanza, halafu akifika miaka 12 awamu ya pili. Hela waliyotaja inaanzia kwenye mamilioni. Bima imekataa, inasema huo ni urembo. Baba yake anataka tusubiri. Mimi naona mwanangu anaitwa Sungura shuleni na siku hizi akicheka anaziba mdomo. Tuanze au tusubiri? Na kwa nini bima isilazimishwe kulipia watoto?

Babu Chonge
Marahaba mwanangu. Mwanya ni uzuri, muacheni mtoto! Pwani hii msichana mwenye mwanya anasifiwa tangu enzi za bibi zetu, leo mnataka kumlipia mtu mamilioni auzibe?

Gego la Sita
Babu, kuna mambo mawili hapo, tuyatenganishe. Mimi ni daktari wa kinywa na meno. Mwanya katika umri wa miaka 8 ni kawaida kabisa. Chonge za ukubwani za juu zinatoka kwenye miaka 11 au 12, na zikishuka mara nyingi zinayasogeza meno ya mbele na mwanya unajifunga wenyewe. Hauhitaji waya.

Meno kuchomoza ni jambo jingine. Tafiti zilizojumuishwa pamoja zinaonesha kwamba kuanza mapema kunapunguza hatari ya meno ya mbele kuvunjika mtoto anapoanguka. Faida nyingine kubwa haikuonekana: aliyetibiwa kwa awamu mbili na aliyesubiri akatibiwa mara moja akiwa kijana, mwishoni meno yao yanafanana.

Yapo ya kuwahi kweli. Taya la juu likiwa jembamba hadi meno yake yanang'ata ndani ya yale ya chini, wahi. Mtoto anayenyonya kidole meno ya ukubwani yakiwa yameanza kutoka, wahi. Gego la utotoni likioza na kung'olewa mapema, gego la nyuma linasogea mbele na kula nafasi ya jino linalokuja; hapo kifaa kidogo cha kushikilia nafasi kinaokoa mengi. Chama cha wataalamu wa kupanga meno cha Marekani kinashauri mtoto aangaliwe asipitishe umri wa miaka 7. Aangaliwe, sijasema afungwe nyaya.

Mchumi Kijana
Daktari umeeleza vizuri, lakini kwenye bima napinga. Mfuko wa bima ni mmoja. Ukilipia nyaya za watoto wa matajiri wa Masaki, umepunguza dawa za mama mjamzito. Nchi hii huko mikoani bado wapo wanaowatoboa watoto wachanga ufizi kwa spoku ya baiskeli kung'oa "meno ya nailoni", yale wanayoamini yanaleta kuhara na homa. Tuwaelimishe kwanza hao washamba ndipo tuongee habari za nyaya.

Mnyaturu Halisi
Washamba? Rudia hilo neno.

Mimi mdogo wangu aling'olewa akiwa na miezi 6. Mama yangu si mshamba. Mtoto aliharisha, akatapika, joto likapanda, mama akatembea naye hadi zahanati akapewa Panadol akarudishwa nyumbani. Usiku hali ikawa mbaya zaidi, akaambiwa na kila mwanamke pale uani kwamba ni meno ya nailoni. Wewe ungekaa ukaangalia tu mwanao anakata roho? Leo mdogo wangu ni mtu mzima, chonge ya kushoto juu haijawahi kutoka, meno ya mbele yamehamia upande huo. Yeye ndiye angehitaji hizo nyaya unazosema ni za Masaki.

Mchumi Kijana
Kaka, sikumtaja mama yako. Na mimi sikai Masaki, nimezaliwa Tandahimba, baba yangu mkulima wa korosho. Usinipe utajiri nisio nao. Ila mganga anayetumia spoku moja kwa watoto watano ni mhalifu, na hilo sitalilainisha kwa sababu wewe umeumia.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Naomba niseme ninachokiona wodini. Mfungue mdomo mtoto yeyote wa miezi 5 au 6, papasa ufizi mahali pa chonge. Utakuta pamevimba kidogo na pameng'aa weupe. Hiyo ni chonge ya utotoni iko chini ya ufizi, itatoka akikaribia mwaka na nusu. Kila mtoto anayo, mzima na mgonjwa. Mganga anafukua kile kijino laini ambacho hakijakomaa, anamwonesha mama kitu cheupe kama mdudu, na mama anaamini kwa sababu amekiona kwa macho yake. Chini yake kuna mbegu ya jino la ukubwani, nayo inaharibika. Tunawapokea wanavuja damu, wengine wameshapata maambukizi ya damu, na bibi anatuficha hadi tuone kidonda wenyewe. Wapo wanaokufa. Nawaombeni, msiwapeleke.

Mbongo wa Leicester
Mnasema mikoani kana kwamba mjini hakuna! Madaktari wa Israeli waliandika kuhusu watoto wa Waethiopia waliohamia kule, na huku Uingereza kesi zimeonekana kwa watoto wa familia kutoka Afrika Mashariki. Wamepanda ndege na imani yao. Na Uganda wanayo, Kenya wanayo.

Mama Kulwa
Jamani, mimi niliuliza habari za nyaya.

Gego la Sita
Dada, samahani. Tafuta maoni ya daktari wa pili, na omba akupimie kwa milimita meno yamechomoza kiasi gani na midomo inafunga vizuri au la. Kama anacheza michezo ya kuangukaanguka, avae kinga ya meno. Kutaniwa shuleni ni sababu halali pia ya kuanza, usikubali mtu akuambie ni mbwembwe. Lakini mwanya pekee, hapana.

Bibi Sikudhani
Nyie wenye vyeti, nawasikia. Nimelea watoto wanane. Wawili waling'olewa hayo meno, na wote wawili kuhara kulikatika baada ya siku mbili. Nani kati yenu alikesha na mimi? Nesi anasema bibi anaficha. Tunaficha kwa sababu tukisema ukweli mnatufokea mbele ya wakwe zetu.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Shikamoo bibi. Kufokewa ni kosa letu na nimelisema hata kwenye vikao vya kazini. Lakini kuhara kwingi kwa watoto hukatika kwenyewe baada ya siku chache, ung'oe using'oe. Kinachoua ni kupungukiwa maji. Mtoto apewe ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, aendelee kunyonya, apewe vidonge vya zinki siku 10 hadi 14. Anayerudishwa na Panadol peke yake amehudumiwa vibaya.

Bibi Sikudhani
Marahaba. Hapo mwisho umesema kweli.

Mchumi Kijana
Bibi, shikamoo. Kwa hiyo spoku tumeihalalisha?

Mnyaturu Halisi
Hakuna aliyehalalisha. Unataka kushinda tu. Nesi, nijibu hili: saa 8 usiku, zahanati imefungwa, mganga yuko nyumba ya tatu. Hiyo ORS naipata wapi?

Nesi wa Zamu ya Usiku
Unaipata mchana kabla mtoto hajaumwa. Siku ya kliniki ya chanjo omba pakiti mbili tatu uweke ndani, maji ni kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, mpe kijiko kijiko hata akitapika. Macho yakiingia ndani, akishindwa kunyonya, au kinyesi kikiwa na damu, usingoje kupambazuke. Tafuta bodaboda uende hospitali.

Mnyaturu Halisi
Bodaboda kwetu usiku wanataka elfu 20. Lakini sawa, hiyo ya pakiti naituma kwenye kundi la ukoo sasa hivi.